Simba Watatu wa Lubarika

Mwalimu Michée alipostaafu, baada ya kufundisha darasa la tano kwa miaka arobaini, aligundua kwamba na yeye alikuwa na maisha. Ugunduzi huo ulimjia Jumatatu asubuhi, akiwa amekaa barazani kwake mtaa wa Songo, mjini Uvira, bila mtoto hata mmoja wa kumwambia anyamaze. Kufikia Jumatano alikuwa amekwisha nunua kaye, daftari la kurasa mia mbili, kalamu mbili za buluu na moja nyekundu. Ile nyekundu aliinunua kwa mazoea tu. Hakuona itafanya kazi gani, maana maandishi yalikuwa yake mwenyewe.

Mtaa mzima uliijua kalamu yake nyekundu. Alikuwa akisahihisha matangazo ya kanisa ukutani, mabango ya wauza saruji, na barua za mapenzi za vijana walioshindwa kuzificha. Mwaka mmoja jirani alifiwa, familia ikabandika karatasi mlangoni: "Tunawatangazia kwa masikitiko kubwa." Michée akafika kutoa pole, akatoa kalamu, akaandika "makubwa", akawapa wafiwa saba juu ya kumi. Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumsahihisha. Inspekta alikuja shuleni mara nne, akala kuku mara nne, akaandika "très bien", vizuri sana, mara nne.

Aliandika miezi miwili. Juu ya ukurasa wa kwanza aliweka kichwa, *Safari Ndefu ya Mwana wa Bonde*, akakipigia mistari miwili kwa rula. Zilipotimia kurasa arobaini na nane akaona taifa limengoja vya kutosha.

Redio moja ya mjini ilikuwa na kipindi kila Jumamosi alasiri, *Nilipopita*, ambamo watu wa kawaida walisoma habari za maisha yao wenyewe kwa dakika ishirini. Mtangazaji wake, Bruno, alikuwa amekaa benchi la tatu katika darasa la Michée, na mpaka leo, akiwa na ndevu na watoto wawili, alisimama wima kila alipomwona.

"Mwalimu, kwetu ni heshima," Bruno alisema. "Lakini kuna sheria moja. Kabla ya kusoma, ulete jina la muntu mumoja aliyesikia yote, mwanzo mpaka mwisho. Muntu unamwamini. Na kama umetoa siri za watu, wajue umezitoa."

"Sheria hiyo ni kwa ajili ya wasiojua kuandika," alisema Michée.

"Ni ya wote, Mwalimu. Mwezi wa pili mzee mmoja alisimulia hapa jinsi shemeji yake alivyoolewa haraka haraka, na sababu ya haraka. Kumbe sababu, bwana wa shemeji alikuwa haijui. Walikuja hapa na fimbo. Mpaka leo mlango haufungi vizuri."

Michée alitazama mlango. Kweli haukuwa unafunga vizuri. Akakubali, kama mtu mkubwa anavyokubali kupimwa joto na muuguzi mdogo.

Wa kwanza kupewa kaye alikuwa Mathieu, kiongozi wa kwaya, rafiki yake wa miaka arobaini. Mathieu alikaa nayo siku tano, akairudisha kwa mikono miwili.

"Ni bon," alisema. "Ni bon sana. Watu watalia."

"Sehemu gani?"

"Sehemu zote."

Michée alifurahi mpaka alipofika nyumbani akaifungua. Ukurasa wa tatu ulikuwa na doa la mafuta ya ndagala, dagaa wa ziwani. Kuanzia wa nne, karatasi zilikuwa bado zimelala kama alivyozifunga mwenyewe. Mathieu alikuwa msomaji wa pekee, aliyeguswa na kurasa arobaini na tano bila yeye mwenyewe kuzigusa.

Wa pili alikuwa mke wake, Apolline. Huyu alisoma kweli, alasiri mbili, miwani puani, cherehani imefunikwa. Alipomaliza alivua miwani akauliza:

"Ni weye uliandika?"

"Ni mimi."

"Basi ni sawa."

"Sawa namna gani?"

"Sawa ya kutosha."

Lazima tumwelewe Apolline. Zamani, mwaka wa tisini na nane, alimwambia mumewe kwamba masharubu yake mapya yanamfanya aonekane kama mtu wa duane, wa forodha, anayetafuta kosa kwenye mzigo. Michée alijibu kwa kunyamaza mpaka Noeli, na ilikuwa mwezi wa nane. Mwanamke aliyekwisha pita katika kimya cha namna hiyo mara moja haombi kukipita tena. Alikunja miwani, akasema tu:

"Pelekea dada Geneviève."

"Dada hajui kusoma."

"Njo mana," alisema Apolline, akafunua cherehani yake.

Geneviève alikuwa dada mkubwa wa Michée, wa tumbo moja, mjane wa miaka sabini aliyekuwa akilima muhogo na mpunga kule Lubarika walikozaliwa. Michée alimheshimu sana dada yake, kwa maana kwamba alimtembelea kila Pasaka na kumtumia kanga mwisho wa mwaka. Kumuuliza neno juu ya jambo lililoandikwa hakukuwahi kumpitia kichwani. Lakini alihitaji jina la kumpa Bruno, na mtu asiyejua kusoma, aliwaza, hataona makosa. Akapanda moto, pikipiki ya abiria, asubuhi, kaye ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya vumbi.

Alimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage.

"Karibu, mwana wa mama. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, dada. Nimekuja kukusomea."

Geneviève alimtazama kidogo, kisha akarudia maharage yake. "Soma. Masikio iko bure. Mikono ndiyo iko na kazi."

Michée akasimama mbele yake, akakohoa, akaanza kwa ile sauti yake ya miaka yote ya kusomea watoto imla, neno moja, kituo, neno jingine, kituo.

"Kaa chini," alisema Geneviève. "Unazibia maharage jua. Na soma kama muntu anayeongea. Mimi siandiki dikte."

Akakaa. Akasoma jinsi alivyozaliwa katika nyumba ya nyasi usiku wa radi, na Geneviève hakusema kitu, maana radi huja pale inapotaka. Kisha akafika kwenye shule.

"'Kila alfajiri nilitembea kilomita kumi na tano, peku, nikiwakwepa simba watatu waliokuwa wakinivizia kichakani...'"

"Ngoja. Simba?"

"Simba."

"Watatu?"

"Ni fasihi, dada."

"Huyo Fasihi ndiye aliwaona?" Geneviève alitupa haragwe bovu kando. "Shule ilikuwa nyuma ya kanisa. Kengele yake tulikuwa tunaisikia toka jikoni. Weye ulikuwa unachelewa ju ulikuwa unangoja mama amalize kupakua, ukwangue sufuria. Unakumbuka? Ule ukoko wa bugali ulikuwa unaweka chini ya shati, tumbo linaungua, unakimbia."

Michée alikumbuka. Alikumbuka hata alama nyekundu tumboni. Hakusema hivyo. Alisema, "Tuendelee," akaendelea mpaka kifo cha baba yao, ukurasa alioukariri mbele ya kioo.

"'Baba akanishika mkono. Akanitazama kwa macho yaliyojaa kesho ya nchi, akasema: Mwanangu, soma, taifa linakungoja. Kisha akakata roho.'"

"Akashika mkono ya nani?"

"Wangu."

"Ulikuwa Bukavu, shuleni. Habari ilikufikia siku ya tatu, ukafika tumekwisha zika." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasahihisha kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. "Minye ndiye nilikuwa pale. Aliomba maji. Nikamletea kwa kikombe. Akaonja, akasema, 'Iko moto.' Nikaenda kwa jirani kutafuta ya baridi. Niliporudi, bas."

Kuku mmoja alipita mkekani, hakuna aliyemfukuza.

"Hujawahi kuniambia," Michée alisema.

"Uliuliza?"

Miaka arobaini na kitu hakuwahi kuuliza. Ilikuwa rahisi zaidi kuliweka taifa kinywani mwa baba. Lakini alikuwa bado na sura moja, ile aliyoitegemea kuliko zote, na humo dada mwenyewe alikuwamo, amesifiwa hasa. Alijua huko atamshinda. Akashusha sauti.

Sura hiyo ilisimulia jinsi Geneviève alivyotoroka ndoa yake ya kwanza huko Runingu, kwa mume aliyekuwa na mikono myepesi. Michée, wakati huo mwalimu mpya wa miaka ishirini na miwili, alikuwa akipita Runingu kwa baiskeli.

"'Nikamwona dada yangu barabarani, mtoto mgongoni, uso umevimba. Nikashuka. Nikamwambia: Panda, dada. Nyumba ya baba yako haijafungwa.'"

Mikono ya Geneviève ilisimama juu ya maharage.

"Rudia hapo."

Michée akarudia, kwa furaha, polepole, na kituo baada ya "dada".

"Nani alisema hivyo?"

"Mimi."

"Weye uliniambia nirudi."

"Dada..."

"Uliniambia, 'Rudi kwako, usitutie haya, mimi ni mwalimu sasa.' Hukushuka hata kwenye baiskeli. Uliweka mguu moja chini, ukaongea, ukapiga kengele, mbuzi wakatoka njiani, ukaenda Uvira. Minye nikatembea mpaka Sange kwa shangazi, Eugène mgongoni. Shangazi ndiye alisema nyumba haijafungwa. Umemwibia maneno yake, na yeye amekufa, hawezi kukushitaki."

"Haiwezekani. Ningekumbuka."

"Kwa nini ukumbuke? Si weye ulitembea."

Michée alifunga kaye. Geneviève akaendelea, sauti ile ile.

"Na tena hiyo habari si yako. Ni yangu na ya Eugène. Mtoto wangu iko Runingu mpaka leo, shamba yake inapakana na ya baba zake wadogo. Wameelewana vizuri sasa, wanaazimana majembe. Redio wote wanazo. Weye utasoma Jumamosi, na Jumapili Eugène atakaa wapi kanisani?"

"Nimekuja kutafuta maoni," alisema Michée akisimama, "sikuja kushitakiwa."

"Basi umepata vyote viwili kwa safari moja. Bado kimoja. Ulifundisha miaka mingapi?"

"Arobaini. Unajua."

"Watoto wako wapi? Humo ndani ya kaye. Nimesikia simba watatu, sijasikia mtoto hata mumoja."

Aliondoka bila kula, jambo ambalo Lubarika ni tusi. Geneviève alimfungia unga wa muhogo vilevile, na Michée akasafiri mpaka Songo ameupakata magotini kama mtu aliyeadhibiwa kwa zawadi.

Siku tatu alikuwa mgonjwa wa hasira. Alimweleza Apolline kwamba kumbukumbu za wazee ni kitu cha kusikitisha, akisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa na miaka sitini na miwili. Alisema kijijini watu hawaelewi utunzi. Alisema hata Mathieu, mwenye diploma, aliona ni bon. Apolline alikuwa akishona pindo, sindano mdomoni, na mwenye sindano mdomoni hatakiwi kujibu.

Siku ya nne akaichukua ile kalamu nyekundu. Alianza na simba, wakafa wote watatu kwa mstari mmoja. Kilomita kumi na tano zikafuata. Taifa likatoka kinywani mwa baba, na mahali pake akaandika *Iko moto*, akayatazama maneno hayo mawili muda mrefu. Kisarufi hayakuwa sahihi. Aliyaacha.

Kisha akafika Runingu. Alitaka kuthibitisha kwamba dada amekosea, kwa hiyo akajaribu kukumbuka kila kitu kwa utaratibu, kama shahidi. Alishukaje kwenye baiskeli? Kwa mguu upi? Aliilaza wapi, au aliiegemeza kwenye mti gani? Mtoto alikaa mbele au nyuma? Hakuona kitu. Alichokiona ni shati lake jeupe, lililopigwa pasi na mama, limekunjwa kwenye kerio nyuma yake, na woga wake kwamba litakunjamana kabla ya kufika kwa mkurugenzi wa shule. Akaona mguu mmoja wa dada hauna kiatu. Akasikia kengele. Mbuzi walikuwa watano au sita, mmoja mweusi hakutaka kutoka njiani, na yeye akapiga kengele tena, mara mbili, tatu, bila kugeuza shingo.

Apolline alimwita kula. Kulikuwa na sombe, majani ya muhogo aliyoyapenda. Hakuja, na Apolline, aliyeolewa na mtu asiyewahi kuchelewa mezani, akafunika sahani kwa sahani nyingine akaenda zake.

Ijumaa alirudi Lubarika. Safari hii alikaa mkekani kabla ya kuambiwa. Geneviève alikuwa anamenya muhogo. Michée akasoma kwanza kurasa mbili, zile za Runingu, zilizoandikwa upya. Shati lilikuwamo, na kiatu, na mbuzi mweusi. Maneno ya shangazi yalikuwa yamerudi kwa shangazi. Alisoma vibaya. Sauti ilimkatika mahali ambapo hapakuwa na kituo.

Geneviève alimaliza muhogo aliokuwa nao mkononi.

"Hiyo ndiyo," alisema.

"Nisamehe, dada."

"Nilikusamehe zamani. Kama ningengoja uombe, ningekuwa nimekufa na hasira, na minye nina mashamba ya kulima." Akapangusa kisu kwenye kitenge. "Kata hizo karatasi. Nipe."

"Utazifanyia nini? Huwezi kuzisoma."

"Na weye hutazisoma kwa redio. Tumelingana."

Michée akazikata pole pole, asiharibu mshono. Dada yake akazikunja mara nne, akaingia ndani, akaziweka kwenye sanduku lenye kadi yake ya ubatizo na karatasi za shamba. Alirudi na sahani ya muhogo na maharage, akaiweka mbele yake bila kuuliza kama ana njaa. Safari hii alikula, kisha akamsomea kurasa zote zilizobaki, mpya na za zamani.

Kesho yake alasiri alisoma redioni. Kurasa arobaini na nane zilikuwa zimebaki tisa, mbili kati yake mpya. Alitoa jina la Geneviève, mkulima, Lubarika, na Bruno akaliandika kwenye rejista bila kuuliza diploma. Wasikilizaji walisikia habari za shule iliyokuwa nyuma ya kanisa, ukoko wa bugali chini ya shati, na kikombe cha maji. Halafu wakasikia habari ya mtoto mmoja.

Mtoto huyo alikuwa msichana aliyeshuka kutoka milimani na mama yake, akaingia darasa la tano katikati ya mwaka. Aliitwa Ishema. Mwalimu Michée, kwa kuwa aliona jina hilo ni kosa, alilisahihisha: akaandika Chema. Mwaka mzima alimwita Chema, na mtoto mwaka mzima akaitika, maana nani humwambia mwalimu kwamba amekosea? Kwenye matokeo pia aliandika Chema. Mama yake akaja kueleza kwamba shule nyingine imeikataa karatasi ile, kwa kuwa haina jina la binti yake. Michée akamjibu kwamba rejista haikosei. Ishema akarudia darasa la tano, kwingine, kwa sababu ya herufi mbili.

Ilichukua dakika tisa. Zilizobaki Bruno alizijaza kwa nyimbo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamshika mwalimu wake bega.

Mtaani maoni yalikuwa kama yanavyokuwa. Jirani mmoja alisema ilikuwa fupi. Mwingine alisema si vizuri baba wa mwalimu kufa akilalamikia maji, hata kama ni kweli, hasa kama ni kweli. Mathieu alimsimamisha Jumapili mlangoni mwa kanisa, amechukizwa.

"Umetoa simba!" alisema. "Simba ndio walikuwa bon kuliko vyote!"

Michée akatambua kwamba rafiki yake alikuwa amesoma kurasa tatu nzima, na kwa Mathieu hilo lilikuwa pendo kubwa.

Jioni ile simu ikalia. Ilikuwa Geneviève, kwa simu ya mjukuu.

"Tulisikiliza wote hapa uani. Hata Eugène alikuja. Ulisoma mbio mbio."

"Niliogopa, dada."

"Ilisikika. Ya baba ilikuwa vizuri. Sasa yule mtoto wa watu, Ishema. Ulimwomba msamaha?"

"Si ulisikia? Nimemwomba kwa redio."

"Kwa redio!" Geneviève alicheka mpaka akakohoa. "Anakaa ndani ya redio?"

Jumatatu Michée akaanza kuuliza. Bruno alimfahamu mtu aliyemfahamu binamu wa Ishema, na binamu akasema Ishema yuko juu kule milimani, ana watoto wanne na ng'ombe wachache, mtandao haufiki, lakini mchungaji mmoja wa huko, Ezechiel, atapanda Alhamisi na anaweza kubeba barua. Michée akakata karatasi katikati ya kaye, akaketi barazani. Aliandika "Mpendwa Ishema," akaweka mkato, akasimama hapo. Akaandika mstari wa kwanza, akaufuta. Akaandika mwingine.

Kisha akamwita Apolline aje asikie kabla hajaendelea.

Apolline alitoka na utepe wa kupimia shingoni. Alisikiliza mstari ule. Akaomba usomwe tena.

"Unajieleza sana hapo," alisema, akijiandaa kwa kimya cha miezi minne. "Mstari wa kwanza na tayari unaongelea rejista. Anza na mama yake. Mama yake ndiye alitembea."

Michée alishika kalamu hewani. Masharubu yake yalitikisika kidogo.

"Mama yake," alisema hatimaye, akafuta, akaanza upya. "Kaa basi. Usiende mbali."